Ng'ombe wa Baba Kabula Ukutani

Walimu wawili vijana wanaochukua darasa langu la awali wameniomba niwaachie maandishi kidogo kabla sijazoea kulala mpaka saa mbili asubuhi. Nimekubali. Kama wanategemea nieleze nilivyopanda madaraja, watanisamehe. Barua za madaraja ziko kwenye kasha nyumbani Kawajense, na panya wamezisoma vizuri kuliko mimi. Nitaandika ya darasani, na zaidi nitaandika kosa nililolifanya nikiwa mzoefu kabisa, tena nikijiona hodari, ambalo nusura limtoe mtoto mmoja shuleni asirudi tena. Mtoto huyo aliitwa Kabula.

Siku yangu ya kwanza awali nililia. Nilikuwa nimefundisha darasa la tatu na la nne, nikapelekwa kwa wadogo kwa sababu, alisema mwalimu mkuu wa wakati huo, "wewe ni mama, utawaweza." Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba kuzaa ni mafunzo ya ualimu. Nilikuta watoto wamejaa mpaka mlangoni. Mmoja alikuwa juu ya dirisha, mwingine amelala usingizi mzito, na wa tatu alinishika sketi akaniuliza, "Wewe mama wa nani?" Wengi hawakujua Kiswahili. Walinong'onezana Kisukuma, Kifipa na Kikonongo, na mimi Mkonongo nikajikuta nasikia theluthi moja tu ya darasa langu. Saa nne walikunywa uji. Saa nne na nusu, nusu yao walikuwa wameshafika kwao, maana walidhani uji ndio mwisho wa shule. Wengine mpaka leo naona walikuwa na hoja.

Aliyeniokoa ni Mwalimu Anjelina, Mfipa mfupi mwenye sauti ya kuita mtu wa kijiji cha pili, aliyekuwa akifundisha la kwanza chumba cha jirani. Alikuja na mfuko wa sandarusi, akaumwaga mezani kwangu: vizibo vya soda, mbegu za ukwaju, vijiti, magunzi yaliyokatwakatwa.

"Hivi ndivyo vihesabio vyako," aliniambia. "Vizibo vioshe kwanza, watatia mdomoni. Na sikia, madamu. Wakitoka kwenda chooni hesabu. Wakirudi hesabu. Namba zikilingana, fundisha. Zisipolingana, acha kila kitu ukatafute."

Nilishika kanuni hiyo kwa miaka yote. Nyie mtakaonifuata pia mtaishika, ila someni kwanza mpaka mwisho.

Haikunichukua muda kugundua kwamba mtoto wa miaka mitano huwezi kumfundisha peke yako. Anakaa kwako saa chache, kisha anarudi nyumbani kwa saa zilizobaki, na huko hakuna anayejua ulimfundisha nini. Nikianza kuongea na wazazi, jibu lilikuwa moja: "Mwalimu, kusomesha ni kazi yako. Mimi sikusoma." Nikaacha kuwapa madaftari, nikaanza kuwapa kazi walizokuwa wakizifanya tayari. Mama anayechambua maharage amwachie mtoto kundi dogo, atenge yaliyooza na mazima. Anayeanika mpunga amwambie mtoto apange vikapu kuanzia kidogo mpaka kikubwa. Bibi asimulie hadithi kwa lugha yake mwenyewe, wala asihangaike na Kiswahili, kwa sababu mtoto anayejua kusikiliza kwa Kipimbwe atajua kusikiliza kwa lugha yoyote.

Kila Ijumaa nilimwita mzazi mmoja darasani. Hapa nina ushauri mmoja: usimpe mzazi chaki siku ya kwanza, atatetemeka asirudi. Mpe kitu ambacho mikono yake inakijua. Mama Sada, anayekaanga chapati stendi, alikuja na unga na kisukumio, na watoto wakaelewa duara kwa asubuhi moja baada ya mimi kuhangaika nalo wiki mbili. Fundi baiskeli naye alikuja na tairi, akawafundisha kuhesabu spoku. Aliwafundisha pia matusi mawili, lakini hayo tulikuja kuyafuta polepole.

Basi nikavimba kichwa. Maafisa walikuja kuangalia darasa langu, wakapiga picha, wakasema wengine waje kujifunza kwangu. Miaka michache kabla sijastaafu, nikatunga kazi ya nyumbani ambayo niliiona ya kipekee: kila mtoto achore wanyama wa kwao, awahesabu pamoja na mzazi, alete karatasi tuibandike ukutani kwa ajili ya siku ya wazazi.

Wa mjini walileta kuku watatu na paka. Wa kwenye mashamba walileta mbuzi. Kabula, binti wa wafugaji wa Kisukuma waliohamia upande wa Kakese, alileta karatasi ya mfuko wa saruji iliyopasuliwa, kubwa kama kanga iliyokunjwa mara mbili. Alikuwa mtoto mkimya, mwenye macho yasiyotulia. Alichora kwa mkaa na udongo mwekundu, na kila ng'ombe alikuwa na rangi yake na pembe zake: huyu mweusi mwenye doa jeupe tumboni, yule pembe moja imeinama, huyu ndama anakimbia. Sijawahi kuona kazi kama ile kwa mtoto wa umri huo. Hakuandika namba yoyote. Mimi nikaona kazi haijakamilika. Nikachukua kalamu nene, nikawahesabu mmoja mmoja kwa ncha ya kidole, nikaandika jumla kwa tarakimu kubwa, na chini yake nikaandika jina la baba yake. Nikaibandika katikati ya ukuta, mahali pa heshima.

Siku ya wazazi darasa lilijaa. Baba Kabula alikuja, mtu mrefu mwenye shuka begani na fimbo mkononi, akasimama nyuma kabisa. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuingia. Wakati ule wafugaji walikuwa na presha kubwa, mikutano kila wiki kuhusu kupunguza mifugo na kutoka maeneo ya hifadhi. Na miongoni mwa wazazi wetu alikuwamo bwana mmoja mwenye kazi yake katika mambo hayo hayo ya mifugo. Sitamtaja, na kusema kweli siku ile alikuja kama baba wa mtoto tu. Akasimama mbele ya karatasi ya Kabula, akasoma namba kwa sauti. Kisha akasoma jina.

"Kumbe!" akasema akicheka. "Mbona kwenye mkutano juzi mwenzetu alisema ana wachache tu?"

Watu wachache wakacheka naye. Baba Kabula hakucheka. Alipita katikati ya watu mpaka ukutani, akang'oa pini moja moja, akaziweka mezani kwangu zote nne. Akaikunja ile karatasi.

"Mwalimu, nani amekutuma?"

"Hakuna aliyenituma, baba. Ni kazi ya watoto."

"Nakuuliza nani amekutuma."

Akamshika Kabula mkono wakatoka, na mtoto hakugeuka kuniangalia.

Jumatatu Kabula hakuja. Hakuja pia mtoto yeyote wa familia za wafugaji. Jumanne hivyo hivyo. Mwalimu mkuu akaniita ofisini akiwa ameshika tama. Taarifa ilikuwa imeshafika kwa mtendaji wa kata, na mtendaji alisema mtoto kutokwenda shule ni kosa, Jumatatu inayofuata angetuma mgambo wakawachukue wazazi.

"Mgambo wakifika pale hatutamwona tena yule mtoto," nikamwambia. "Watahama na ng'ombe usiku uleule."

Nilijua ninachosema. Nilishapoteza watoto namna hiyo. Familia inashuka upande wa ziwani, Kapalamsenga au mbele zaidi, na mtoto wa miaka sita anayehama na ng'ombe ukimwona tena ana miaka kumi, ana fimbo mkononi na hajui kuandika jina lake. Au humwoni. Nikamwomba anipe mpaka Ijumaa. Akanipa, ila alisema, "Uliliandika mwenyewe, ukalimalize mwenyewe." Ilikuwa haki yake kusema hivyo, na iliniuma.

Jumatano nikapanda bodaboda, tukapita majaruba ya mpunga ya Kakese mpaka njia ikawa ya ng'ombe tupu. Tukafika kwenye mji wao wa nyumba za nyasi uliozungushiwa miiba. Magodoro yalikuwa yamefungwa kamba. Kuku walikuwa ndani ya tenga. Mama Kabula alikuwa anatwanga, na aliponiona aliendelea kutwanga bila kuinua uso.

"Mwangaluka," nikasema. Ndiyo salamu pekee ya Kisukuma niliyoiamini mdomoni mwangu.

"Mwangaluka, mwalimu," akajibu baba mtu akitokea zizini. Hakunipa kigoda. Nikasimama juani na mkoba wangu kama mtu anayeuza dawa za panya.

Nikaanza maelezo yangu, nikayapanga vizuri: kwamba mtoto akisaidiwa nyumbani anafanya vizuri, kwamba hesabu huanza na vitu vya nyumbani. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Mimi mtoto namfundisha," akasema. "Unafikiri simfundishi? Ng'ombe wote wale Kabula anawajua. Jioni wakirudi anasimama mlangoni mwa zizi. Kama mmoja hakurudi anakwambia ni yupi, na mama yake ni yupi, na tabia yake anapenda kubaki wapi. Hajawahi kuhesabu hata siku moja."

"Hamwahesabu kabisa?"

"Sisi ng'ombe hatumtamki kwa namba. Namba wanaitaka wale wanaokuja kupunguza." Akanigeukia. "Wewe mwalimu, una watoto wangapi?"

Swali dogo kabisa. Nilizaa watano. Watatu wako hai. Nikisema watatu najiona nimewakana wawili, nikisema watano mtu ataniuliza wako wapi, na hapo itabidi nieleze nikiwa nimesimama juani kwa watu. Machozi yalikuja bila ruhusa yangu, na sikuona haya kuyafuta mbele yake.

"Basi," akasema polepole. "Kwangu ndiyo hivyohivyo."

Nikamwambia ukweli niliopaswa kuusema tangu mwanzo, badala ya ile hotuba. "Baba Kabula, nisamehe. Mtoto alichora tu. Namba ile niliandika mimi. Jina lako niliandika mimi. Hakuna aliyenituma, ni ujinga wangu."

Mchi ukasimama. Mama Kabula akainua uso kwa mara ya kwanza.

"Namba siyo ya Kabula?"

"Siyo yake. Hakuhesabu hata mmoja."

Mama akamgeukia mumewe, akamwambia kitu kirefu kwa Kisukuma, kwa sauti ya chini ambayo haikuhitaji tafsiri. Baadaye nilikuja kuelewa kwamba tangu siku ile baba hakuwa amesema na mtoto. Aliamini bintiye ndiye aliyeketi darasani akataja mali ya nyumbani kwa watu wa nje. Mtoto alikuwa amekaa siku nne bila baba yake kumtazama usoni, na hakujitetea, kwa sababu hakujua kosa lake ni lipi. Hilo ndilo lililoniumiza kuliko yote, na hata sasa ninapoandika linaniumiza.

"Ijumaa nitakuja kuona," akasema hatimaye. "Nisipopapenda, Jumamosi tunaondoka."

Ijumaa alifika kabla yangu, amemshika Kabula mkono. Nikamkaribisha ndani akakataa. Akasimama mlangoni, fimbo kwapani, akiwaangalia watoto wakipanga mstari, wakiimba, wakinawa, wakinywa uji. Kabula alisimama kando yake, haingii wala haendi. Kichwani nilikuwa nimeandaa somo la kumvutia yule mzee, na nikafundisha vibaya kama siku ya kukaguliwa.

Mvua kubwa ilikuwa imenyesha usiku. Nyuma ya darasa kulikuwa na shimo lililochimbwa udongo wa matofali ya vyoo vipya, na nilishalalamika lizungushiwe uzio mpaka nikachoka. Watoto walikwenda chooni, wakarudi, nikahesabu kama nilivyofundishwa. Namba ilikuwa ileile. Nikashika chaki.

"Mmoja hayupo," akasema Baba Kabula kutoka mlangoni.

"Wapo wote, baba. Nimewahesabu sasa hivi."

"Hayupo. Yule wa gauni lenye kiraka mgongoni, anayetembea bega moja limetangulia." Akanyoosha fimbo kwenye kona ya nyuma. "Na huyu mdogo asubuhi hakuwepo."

Nikatazama. Kwenye kona alikaa mtoto wa miaka mitatu hivi, kikombe cha uji kwenye mapaja, mdogo wa mwanafunzi wangu mmoja. Alikuwa amemfuata dada yake kwa sababu ya uji, akaingia na mstari, na mimi nikamhesabu. Aliyekosekana alikuwa Sada, binti wa mama wa chapati.

Nilikimbia. Mtu wa umri wangu hakimbii vile bila kuanguka, nami nilianguka, nikainuka. Sada alikuwa shimoni. Ndala yake ilikuwa imeteleza ikaingia, naye akaifuata. Maji ya matope yalimfika kidevuni, miguu imenaswa kwenye udongo, amekamata majani kwa mikono miwili. Hakuwa anapiga kelele. Meno yalikuwa yanagongana, basi. Nikamwita, akageuza macho tu. Baba Kabula alinipita, akanyoosha fimbo, mtoto akaogopa kuachia majani. Basi akashuka mwenyewe na nguo zake, matope yakamfika kifuani, akamkumbatia yule mtoto kwa mkono mmoja, akamng'oa kwenye udongo, akanipa. Ningeendelea na somo langu la kumvutia mgeni, huku namba zangu zimelingana, na huyu angekufa nyuma ya ukuta.

Niwaambie kwanza yaliyokuja baadaye. Mgambo hawakwenda. Watoto wa wafugaji walirudi wiki iliyofuata, mmoja mmoja. Shimo lilifukiwa mchana uleule na wazazi wenyewe, Mama Sada akiwa wa kwanza na jembe. Baba Kabula alikuja Ijumaa nyingi, akawafundisha watoto kufinyanga ng'ombe wa udongo na kutambua ni yupi aliyefichwa. Namba za mahudhurio niliendelea kuziandika, maana ofisi inazitaka. Lakini kila Januari nilikaa na kila mzazi kwenye benchi kabla mtoto hajaingia, na ninawaomba mfanye hivyo. Aliyenifundisha namna ya kukaa naye ni Baba Kabula, siku ileile ya shimo.

Tulirudi darasani, Sada amefungwa kanga yangu. Baba Kabula, nguo zikichuruzika, akaenda mlangoni akamshika tena Kabula mkono. Nilidhani wanaondoka. Sikujiona na haki ya kumzuia.

"Mwalimu," akasema, "kwetu mtu akimpa mwenzake ng'ombe amchungie, hampi namba. Anampa tabia. Na anayepokea lazima azirudie. Akishindwa kuzirudia, hapewi."

"Nasikiliza."

"Huyu akinyamaza asubuhi, ana njaa, usimwulize maswali. Mvua ikipiga bati anaogopa, ila hatasema. Akikosewa hasemi vilevile, utamjua kwa chakula, hatakula. Akivuta sikio la kushoto anataka kulia. Rangi anazipenda, mwachie achore. Usimwandikie juu yake."

Nikarudia. Njaa ya asubuhi, bati, chakula, rangi, kutoandika juu yake. Kabula alikuwa ananitazama mdomoni, kila neno, kama anayesikiliza kesi yake.

"Na akivuta sikio la kulia anataka kulia," nikamalizia.

"La kushoto," akasema.

"La kushoto."

Akasubiri kidogo, kuona kama nitasahau tena. Ndipo akauachia mkono wa mtoto.